Tofali la Mlangoni

Iyunga, Mbeya
6 Juni 1954

Shemeji yangu Matano,

Pokea salamu zangu na za mama mkwe wangu Ikupa, ambaye hajambo ila magoti, maana Juni ya huku unaijua. Mimi nala na nalala. Nisalimie mkeo Mwanahawa, mwambie zile mbegu za bamia alizonipa zimekataa baridi yetu. Nanyi hali zenu huko Kihesa? Niandikie, usininyime.

Shemeji, miezi mitatu imepita tangu tumzike Isakwisa. Siku ya tatu ya matanga, watu bado wako mikekani, ulinifuata jikoni ukaniambia, "Niazime mashine wiki mbili tu, nina kikazi Kihesa, nitairudisha kwa mkono wangu." Nilikuwa na machozi na moshi machoni. Nikasema chukua. Hata lori lilipoondoka sikuliona.

Mashine hiyo unaijua. Mume wangu aliiunga kwa vyuma vya mgodi uliokufa kule Lupa, nawe ukimshikia taa: sanduku la chuma na mkono mrefu. Unatia udongo wenye simenti kidogo, unavuta mkono, linatoka tofali la kudumu bila tanuri na bila kukata hata mti mmoja wa kuni. Siku zote alisema mtu asiye na kitu ila mikono yake na majirani wema anastahili kulala ndani ya ukuta usiomwagika.

Kuta za nyumba yetu uliziacha chini ya madirisha. Bado ziko hapo. Na ile karatasi ya kiwanja inasema nyumba iwe imeezekwa ifikapo mwisho wa Desemba, la sivyo kiwanja kinarudi serikalini. Kaka yangu Andendekisye na vijana wa kanisa wako tayari kufyatua, udongo umeshachimbwa. Kilichobaki ni mashine tu. Nakuomba, shemeji, ipakie kwenye lori lolote lijalo huku. Nitakushukuru mpaka tuzeeke.

Shemeji yako akupendaye,
Atuganile


Kihesa, Iringa
19 Julai 1954

Kwa shemeji yangu wa moyoni, Bi Atuganile,

Assalaam aleikum, na ingawa wewe ni wa kanisani, salamu haina dini. Waraka wako umefika. Nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nikamkumbuka ndugu yangu Isakwisa mpaka Mwanahawa akaniuliza kulikoni. Sisi sote wazima alhamdulillahi, mgongo wangu tu ndio unaonikumbusha umri.

Ama kuhusu mashine, mambo yamekuwa makubwa. Bwana Shauri, yule mkubwa wa wilaya, alipita akatukuta tunafyatua, akasimama, akagonga tofali kwa fimbo yake, akafurahi. Alisema watu wa mji huu wamechoka kupanga vyumba vya watu, na nyumba ya tofali la kuchoma hawaiwezi. Basi tumepewa viwanja arobaini hapa Kihesa. Familia zimegawanywa kumi kumi. Kila kundi linafyatua pamoja na kujenga kwa zamu, leo nyumba ya huyu, kesho ya yule, hadi wa kumi ameingia kwake. Hakuna mahali pengine kitu hiki kimefanyika, shemeji.

Akauliza mvumbuzi ni nani. Sasa wakubwa hawapendi hadithi ndefu, na marehemu haitwi ofisini. Nikasema ni mimi. Wameandika kwa rangi nyeupe juu ya chuma, MASHINE YA MATANO. Na tukisema kweli, kama nisingeshika taa, Isakwisa angekaza nati ipi gizani?

Kukurudishia sasa ni kuwanyima watu arobaini kwa ajili ya mmoja. Wewe bado u kijana, utaolewa, na mume mpya atakuwa na nyumba yake. Kiwanja mwachie mwenye haraka nacho. Nakutumia doti ya khanga kwa mkono wa dereva, vaa, upendeze, usahau.

Ni mimi shemejio,
Fundi Matano


Iyunga, Mbeya
9 Januari 1955

Matano,

Mimi mzima. Wewe sikuulizi.

Nilikuandikia Agosti, nikakuandikia Septemba, nikakuandikia Novemba nikikusihi kwa jina la maziko uliyoyashiriki. Hukujibu. Tarehe tatu mwezi huu karani alikuja na kamba yake, akapima kiwanja changu nikiwa nimesimama ndani yake. Amepewa mwenye duka. Kuta nilizobebea udongo kichwani zimekuwa zizi la mbuzi wake. Mvua imezipiga tangu Novemba na hazijabanduka hata punje. Kila nipitapo njiani naona mbuzi wakilala pale ambapo Isakwisa alinichorea chumba kwa kijiti.

Nalala jikoni kwa kaka yangu. Mama Ikupa, aliyemzaa huyo uliyekula naye sahani moja, analala upande wa pili wa mafiga.

Khanga zako nimezirudisha kwa dereva yuleyule. Ndani yake nimefunga bonge la udongo wa kiwanja changu ili ujue ulichonunua.

Mama Ikupa anataka nikulaani. Nimekataa. Anayelaani humtuma Mungu kazi, na mimi kazi hii naitaka mwenyewe. Ninakuchukia, Matano, nakuchukia asubuhi kabla ya kunawa. Siku moja utahitaji kitu nilicho nacho mimi peke yangu. Utanikuta nimekaa nakungoja.

Mjane wa Isakwisa


Kihesa, Iringa
27 Februari 1955

Shemeji yangu mheshimiwa,

Salamu nyingi, na pole nyingi kuliko salamu. Najua barua hii utaishika kwa kidole na gumba. Isome hivyo hivyo. Mimi si mzima. Silali.

Matofali yanayeyuka. Yalipokuwa makavu yalikuwa mazuri, ukiyagonga yanalia. Mvua ilipokuja Desemba yakaanza kulegea, na mwezi huu kuta saba zimelala kama uji. Nyumba ya kwanza kukamilika ilikuwa ya Apolonia, mama mmoja mjane wa watoto watano, aliyefyatua kila tofali kwa viganja vyake. Ilianguka Jumanne mchana, wao wakiwa shamba, alhamdulillahi. Alirudi akasimama akaitazama. Hakulia. Aliniangalia mimi tu, na tangu siku hiyo nazunguka nyumba nisikutane naye.

Vipimo ni vya marehemu, sijapunguza: madebe kumi na mawili ya udongo, debe moja la simenti. Mkono wa mashine navuta mimi. Nayaanika juani siku tatu, halafu yanaingia ukutani. Sasa niambie, kwa nini ya Isakwisa mvua inayapiga hayabanduki, na yangu yanakuwa uji? Alitia nini? Najua kulikuwa na dawa. Kulikuwa na dawa na alinificha, au alikuachia wewe.

Bwana Shauri amesema atakuja Septemba. Atachukua tofali mbele ya watu, alizamishe kwenye pipa usiku kucha. Likitoka zima, tunaendelea. Likivunjika, viwanja arobaini vinafutwa na watu warudi walikotoka. Nami najua nitakwenda wapi, maana jina lililoandikwa juu ya chuma ni langu.

Shemeji, nimekosa. Nifichulie.

Ndugu wa marehemu mumeo,
Matano


Iyunga, Mbeya
20 Machi 1955

Shemeji yangu Matano,

Ugonile! Ndivyo tunavyosalimiana sisi, hukuwahi kuijibu vizuri hata siku moja. Sisi hatujambo. Mama Ikupa anakohoa kidogo. Mwanahawa na wewe mpo?

Barua yako imenikuta kwenye hali tofauti na ile ya Januari. Hasira ya mjane ni maziwa motoni, huumuka, ukiondoa kuni yanashuka. Kanisani tumefundishwa kusamehe, na huyo Apolonia na watoto wake hawajanikosea. Basi nakuambia.

Umekisia sawa. Kuna kitu. Ni udongo mweupe, laini kama unga wa muhogo, unaopatikana mbele ya Chimala, pale barabara inapoanza kuiacha milima na bonde la mpunga linaonekana. Uliza ulipo mto wenye kingo nyeupe, utaonyeshwa. Lakini una masharti. Lazima auchimbe mwenye mashine kwa mkono wake, auchekeche mara tatu, auanike kivulini siku kumi na nne huku akiulinda, kuku wasiukanyage na mvua isiuguse. Ukimtuma mtu, atakuletea wowote. Isakwisa hakumtuma hata kaka yangu. Na usiende sasa, masika yatakuharibia. Ngoja Juni iishe.

Nijibu mambo mawili ili nijue kama huko mnajiandaa vizuri. Ukiwa Chimala, mashine atailinda nani? Na hao wanawake wa kundi lako wanafanya kazi gani, isije ikawa wanakuharibia matofali kwa kutojua?

Ni mimi shemeji yako yuleyule,
Atuganile


Kihesa, Iringa
15 Aprili 1955

Shemeji yangu uliye bora kuliko wote,

Assalaam aleikum. Leo nimelala usingizi wa kwanza tangu Desemba. Nimemsomea Mwanahawa barua yako, akasema, "Mwanamke huyu ni mkubwa kuliko wewe." Nimekubali, nani atabisha?

Udongo mweupe! Na mimi mjinga nilikuwa nikimtazama Isakwisa mikononi siku nzima, nisiuone. Alikuwa mjanja yule, Mungu amrehemu. Nimeshaongea na dereva wa lori la mpunga anishushe hapo Chimala.

Uliyouliza: mashine nitamwachia Apolonia, ufunguo wa banda anao yeye. Ni mkali lakini si mwizi. Wanawake kazi yao ni kusomba udongo na maji ya kukandia. Ulivyosema kuharibu, umenena kweli! Huyo Apolonia nilimkuta mwezi wa kumi anayanyunyizia maji matofali yaliyokwisha kutoka, eti yanapasuka kwa jua, anayaonea huruma. Nilimfokea mbele ya watu. Nikamwambia tofali si mchicha. Tangu hapo hakuna anayethubutu kuyagusa.

Nitakwenda mara utakaponiambia siku. Deni langu kwako halilipiki.

Shemeji yako mwaminifu,
Fundi Matano


Iyunga, Mbeya
12 Juni 1955

Shemeji Matano,

Hatujambo sote, nanyi tunawaombea hivyo hivyo. Baridi imefika.

Ondoka tarehe mosi Julai, usizidishe usipunguze. Chukua blanketi na chekeche mbili. Siku kumi na nne uzihesabu tangu udongo ulipotandikwa kivulini, na hata usikie habari gani kutoka Iringa, usiuache. Huyo Apolonia nisalimie sana. Mwambie kuna mtu Mbeya anamfikiria.

Shemejio,
Atuganile


Kihesa, Iringa
17 Julai 1955

Matano,

Barua hii utaikuta juu ya kitanda chako. Salamu utaletewa na mkeo, tumekula naye pamoja siku kumi na tano. Ndiye aliyenipokea nilipoteremka kwenye basi, maana nilimwandikia yeye kabla ya kukuandikia wewe. Natumaini umerudi mzima, na kuku wa Chimala hawajakusumbua.

Udongo mweupe hauna kazi yoyote katika tofali. Unafaa kupaka ukutani. Hayo magunia uliyochekecha mara tatu, wape wanawake waipake nyumba ya Apolonia, itapendeza.

Sasa keti nikuambie dawa.

Matofali ya kwanza ya Isakwisa yalipasuka karibu yote, wewe ulikuwa hujahamia kwetu bado. Nyuma ya nyumba nilikuwa na mahali pangu pa kuoshea vyombo, na pembeni lilikuwapo rundo moja la matofali hayo nililolifunika kwa majani ya migomba kuku wasilichafue. Kila asubuhi na jioni maji ya vyombo nilikuwa nikiyamwaga palepale. Baada ya wiki tatu Isakwisa alichukua nyundo ayavunje yote kwa hasira. Rundo lile lilimkatalia. Alinitazama, akatazama maji, akakaa chini akacheka. Tangu siku ile hakuna tofali lililoingia ukutani kabla halijafunikwa na kunyweshwa siku ishirini na moja. La simenti haliivi kwa jua, Matano, linaiva kwa maji. Isakwisa alivuta mkono. Maji tulibeba mimi na mama Ikupa.

Na wewe uliona! Miaka miwili uliyokula kwetu ulikuwa ukipita pale pale kwenda chooni. Siku moja ulinitania, "Shemeji, unayaloweka kama maharage?" Tukacheka sote. Hukuuliza kwa nini, kwa sababu ndoo ilikuwa kichwani kwa mwanamke. Ukaiba chuma, ukaiba vipimo, ukaiba jina, ukaacha dawa imesimama jikoni inalia machozi. Halafu Apolonia akaigundua mwenyewe kwa huruma yake tu, ukamfokea.

Hapa hakuna migomba ya kutosha, tumefunika kwa nyasi na magunia. Siku ya kumi na mbili tulizamisha tofali moja kwenye pipa, la kujaribu tu. Limetoka zima. Kufika Septemba yatakuwa mawe. Watu wako arobaini watajenga. Sikuja kuwalipiza wao.

Kuhusu mashine. Siku ya pili tulimwita Liberatus mhunzi. Aliifungua, akapima kila chuma, akaunga nyingine ileile kwa vyuma vya magari mabovu. Imemchukua siku nane. Siku nane, Matano! Siku nane za mhunzi aliye hatua mia tatu kutoka kitandani kwako, na mimi ningekuwa na nyumba. Hili ndilo lililonifanya nilie, nililia mbele ya wanawake wote, na Apolonia akanishika mkono. Nilikuwa nimejiambia pengine hukuwa na njia. Ulikuwa nayo. Hukuinuka tu.

Mashine mpya ni ya wanawake. Imegongwa jina la ISAKWISA kwa patasi, si kwa rangi. Ile ya mume wangu nakwenda nayo leo, rangi yako nimeikwangua kwa jiwe la kusugulia miguu. Nimechukua pia tofali moja katika yale yako ya zamani. Usiulize la nini.

Bwana Shauri akija, Apolonia ndiye atakayelizamisha tofali na ndiye atakayejibu. Jina lako ulilojiandikia namba moja kwenye orodha mpya ya kundi lako limehamishiwa namba kumi. Na wamekubaliana kwamba asiyebeba maji hajengewi. Mwanahawa amepiga kura na wenzake.

Mjane wa Isakwisa


Kihesa, Iringa
21 Julai 1955

Atuganile,

Mwizi mkubwa wewe! Siku kumi na nne nimelala nje nikifukuza kuku wa watu, watoto wa Chimala wakija kunitazama wakicheka! Umeingia nyumbani kwa mtu mume hayupo, umemgeuza mke wangu, umechukua mali iliyoandikwa jina langu! Nitakushitaki. Nimekwenda kwa karani leo, akaniuliza, "Mashine ilikuwa ya nani kwanza?" Nimerudi nyumbani.

Mwanahawa hanipikii mpaka nibebe ndoo. Umefurahi?

Matano


Kihesa, Iringa
2 Desemba 1956

Kwa Bi Atuganile, shemeji yangu, kama bado nina ruhusa ya kukuita hivyo,

Nakusalimu, namsalimu mama Ikupa, nawasalimu wote. Nasikia huko Iyunga umeanzisha kundi lako la familia kumi na kwamba zamu yako imefika. Nilifurahi. Usiniamini kama hutaki.

Mwaka na zaidi sikukuandikia. Miezi ya kwanza ilikuwa hasira. Kisha ikawa aibu, na aibu huchukua muda mrefu kuliko hasira. Masika yote yaliyopita nilikuwa nikiamka mvua ikinyesha, naichukua taa, naenda kushika kuta za watu kwa kiganja. Hakuna iliyolegea. Nyumba thelathini na moja zimesimama, Apolonia yumo ndani ya yake na imepakwa ule udongo mweupe, ukiiona kwa mbali utadhani msikiti.

Mimi nabeba maji. Mwanzoni wanaume walikuwa wakinikalia barazani wanipigie makofi nikipita na ndoo. Sasa baadhi yao wanabeba. Nimejua uzito wake, shemeji. Debe likijaa, shingo inaingia mabegani. Miaka miwili ulinipitia na uzito ule nikiwa nimekaa nakusubiri uivishe.

Bwana Shauri aliniuliza mbele ya watu, "Fundi, si ulisema ni yako?" Nikasema hapana, bwana, niliiba. Mashine ni ya Isakwisa, na maji ni ya mkewe. Aliandika. Sijui aliandika nini. Mimi nilisema.

Zamu yangu bado. Ni wa kumi, na nimeacha kuhesabu. Nakuomba kitu kimoja tu, neno moja kwenye karatasi, kwamba umenisamehe, nilitunze. Isakwisa nimemkosa kumwomba. Nimebaki na wewe.

Na kama hutachukia, niambie lile tofali ulilichukulia nini. Kila nibebapo ndoo najiuliza.

Matano


Iyunga, Mbeya
17 Februari 1957

Matano,

Salamu zako zimefika, nami nimechelewa kwa makusudi. Mama Ikupa alitutoka mwezi uliopita. Alifia chumbani kwake, kwenye kitanda, ndani ya ukuta, mlango umefungwa na baridi iko nje. Wiki tatu tu alikaa humo. Ungerudisha mashine, ingekuwa miaka miwili.

Mimi ni mzima. Nakuandikia nikiwa kwangu. Kiwanja si kile, kile bado kinalala mbuzi. Lakini kuta ni zetu, paa ni la madebe yaliyofumuliwa, na mvua ikinyesha huwezi kusikia mtu anavyoongea, nami napenda hivyo. Andendekisye alivuta mkono wa mashine. Wanaume tisa wa Iyunga wamebeba maji, na wawili kati yao ni wazee wa kanisa.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nitakavyo kukiri. Lile la kusema mbele ya watu kwamba uliiba, nimeliamini, Mwanahawa aliniandikia pia. Isakwisa angekuwa hai angeshakuinua mkono ukakae. Alikuwa hivyo. Mimi siye yeye, na kilichoibwa jikoni kwangu hakikuibwa kwake.

Umeuliza la tofali. Nililiweka nje ya mlango wangu siku tuliyoezeka, la kufutia miguu. Kila aingiaye analikanyaga. Wakiniuliza nawaambia ni kazi ya fundi mmoja wa Iringa. Mvua ikilipiga linapungua, na sasa limebaki kama nusu. Siku ile ile niliapa mbele ya mama Ikupa kwamba likiisha lote, likiwa tope kama yalivyokuwa ya Apolonia, nitakuandikia hilo neno unalolitaka. Kiapo nilichomwapia mtu aliyekwisha kufa sitakivunja.

Jana mvua ilinyesha kutoka adhuhuri mpaka jioni. Nilitoka nikalifunika kwa majani ya migomba.

Shemeji yako,
Atuganile